Kufuli la Mlango wa Nyuma

Mheshimiwa Bwana D.O. wa tarafa yetu; Bwana Mwenyekiti wa Bodi, pamoja na wakurugenzi wenzako mliochaguliwa na wakulima; Bwana Meneja Kipkemboi; Mchungaji uliyetufungulia kwa maombi; wazee na akina mama wakulima mliokuja kutoka vituo vyote vya kununulia majani, hata wale wa kituo cha mwisho ambao lori letu huwafikia likiwa tayari limejaa; ndugu wageni waalikwa; na ninyi wafanyakazi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wageni: nawasalimu, chamgei mising. Na kwa wale wa kwetu upande wa ziwa, amosou uduto.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Bwana Meneja ameniambia hivyo mara tatu, na mara ya tatu alinishika mkono. Bwana Meneja, usiwe na wasiwasi. Nimefanya kazi chini yako miaka tisa na sijawahi kukuaibisha mbele ya wageni. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kazi, kwa hiyo tutaona.

Kwa wasionijua, mimi naitwa Eddah Otiende. Wengi mnaniita Mama Sotingi, kwa sababu kwa miaka ishirini na saba nimefanya kazi sotingi, yaani katika chumba cha kuchambulia chai, na miaka kumi na mitano ya mwisho nimekuwa msimamizi wa chumba hicho. Nilifika hapa Kapsirgoi mwaka wa 1971 kutoka Nyakach, na sanduku la mbao na mtoto mgongoni, wakati kiwanda kina draya moja ya kukaushia chai na barabara ya kwenda Mogogosiek bado ni matope matupu. Barabara bado ni matope, lakini draya sasa ni tatu.

Nimepewa zawadi, na nashukuru. Nimepewa blanketi, nimepewa sufuria, na nimepewa hii saa kubwa ya ukutani yenye jina la kiwanda. Nilijiuliza kwa nini mtu apewe saa siku ile ile anapoambiwa asirudi tena kazini. Lakini nimeipenda, na nimeomba iwekwe hapa mezani mbele yangu, kwa sababu nitaitumia kabla hatujaachana.

Sasa, cheti nilichosomewa hapa kinasema naagwa kwa vyeo viwili. Cha kwanza mnakijua. Cha pili kinasema nilikuwa Afisa wa Usalama wa Moto wa kiwanda hiki, na niliona wengi wenu mkitazamana. Mlikuwa mkijiuliza, kumbe tuna afisa wa moto? Msione haya. Hata mimi sikujua, mpaka siku niliyoambiwa.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, mwaka wa 1991. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na malaria, na nilikuwa nimekuja ofisini kuomba ruhusa ya nusu siku nimpeleke zahanati. Nikakuta mgeni, mkaguzi wa viwanda kutoka serikalini, kijana mwenye miwani na fomu ya kurasa nne. Alikuwa amefika kwenye swali la kumi na moja. "Afisa wenu wa moto ni nani?" Bwana Meneja akatazama dari, akatazama kalenda, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na kofia ya kazi mkononi.

"Huyu hapa," akasema. "Tulikuwa tumemwita aje mjuane."

Yule kijana akanipa mkono, akauliza jina, akaandika. Niliingia na ombi, nikatoka na cheo. Ruhusa sikupata, kwa sababu ilisemekana afisa wa moto hawezi kuondoka kazini mkaguzi akiwapo. Mtoto nilimpeleka jioni, na Mungu ni mwema, leo ni mwalimu huko Londiani. Yuko hapa, ameketi karibu na dirisha. Nimemwambia aketi karibu na dirisha.

Kijana yule wa serikali aliacha karatasi. Nadhani mimi ndiye mtu pekee aliyeisoma, kwa sababu mimi ndiye niliyeogopa. Ilisema kila mahali pa kazi pawe na njia ya kutokea ambayo haifungwi wala kuzibwa watu wakiwa ndani. Ilisema milango ifunguke kuelekea nje, na kuwe na king'ora ambacho kila mtu anajua maana yake. Ramani ya kutokea ibandikwe mahali watu wanapoiona, na wafanyakazi wafanye mazoezi ya kutoka. Na huko nje pawe na mahali pa kukusanyika, majina yaitwe, ijulikane nani ametoka na nani amebaki. Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa. Mkulima yeyote aliye hapa, akijenga zizi, huyafikiria hayo kwa ajili ya ng'ombe wake bila kuandikiwa na mtu.

Hebu niwaeleze jinsi sisi Kapsirgoi tulivyoitii karatasi hiyo. Kwa maana kutii, tulitii.

Tulianza na ramani. Ilitengenezwa nzuri sana, kwa wino wa rangi mbili, mishale myekundu ikionyesha njia za kutokea, ikatiwa kioo na fremu ya mbao. Ikatundikwa wapi? Ofisini kwa Bwana Meneja, juu ya kabati la faili, ili isipate vumbi. Mfanyakazi akitaka kujua atakimbilia wapi moto ukiwaka, alitakiwa avue gamubuti, abishe mlango na asubiri kuitwa. Mimi niliiona kwa sababu ya cheo changu. Niliitazama kwa muda mrefu, nikamwambia Bwana Meneja kwamba mshale mmoja unatupeleka kwenye ngazi ambayo hatuna. Ndipo nikaelezwa kwamba ramani ilinakiliwa kutoka kiwanda kingine, na kwamba ngazi ile ni ya huko.

Tukaja kwenye vifaa. Mitungi ya kuzimia moto ililetwa sita, mipya, myekundu. Ikafungiwa stoo ili isiibwe. Ndoo za mchanga zilikuwa nane. Mchanga ulimwagwa wiki ya kwanza, na ndoo zikaanza kusafiri kwenye harusi na mazishi. Mchungaji, usinitazame hivyo. Mbili zilinawisha watu mikono siku ya kufungua kanisa lako, na mimi nilinawa kwenye mojawapo.

Jambo moja tu lilifanywa sawasawa, nalo nililifanya mwenyewe. Nilichagua mahali pa kukusanyika. Nilichagua pale kwenye mizani ya majani, nje, mahali pa wazi ambapo kila mtu wa Kapsirgoi, mkulima au mfanyakazi, anapajua hata akiwa amefumba macho. Nikaandika orodha ya majina yote kwa mkono wangu, nikaiweka kwenye mfuko wa aproni. Iko hapa. Ni ile ile.

Basi mwaka wa 1993 ikaja barua kwamba mkaguzi atarudi, na atataka kuona tumefanya zoezi. Bwana Meneja akaagiza zoezi lifanywe. Wageni wetu, naomba mjue kwamba king'ora cha kiwanda hiki ni kimoja. Hulia zamu ikiingia, hulia zamu ikitoka, na akina mama wa hapa karibu hukitumia kujua saa ya kukamua. Siku hiyo kililia saa nne asubuhi.

Mnafikiri watu walikimbia? Hakuna aliyekimbia. Watu mia moja na arobaini walisimamisha mashini, wakavua aproni, wakaenda kupanga foleni kwenye mashini ya kupigia kadi. Ni nani angewalaumu? Kila mtu hapa anajua kwamba ukitoka bila kupiga kadi, siku yako haihesabiwi. Mtu anaweza kuukimbia moto, lakini karani wa mishahara utamkimbia wapi? Wakapiga kadi mmoja mmoja. Kisha wakaenda getini, na pale getini alikuwapo Momanyi.

Momanyi, simama wakuone. Huyu ndiye mkuu wa askari wetu, mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna chai kavu inayotoka kiwandani ndani ya nguo za watu. Siku hiyo alipekua kila mtu, kofia, mifuko, soksi na gamubuti, na mwenzake wa kike akatupekua sisi. Nikamkimbilia nikamwambia, "Momanyi, hii ni zoezi ya moto, achilia watu."

Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama, hiyo moto ni ya ofisi. Mimi niliambiwa mtu asitoke bila kuguswa."

Nilirudi nikasimama kwenye mizani na orodha yangu, peke yangu, kama mtu anayengoja lori la majani lililokwama matopeni. Mfanyakazi wa mwisho alifika baada ya dakika hamsini na mbili. Kama moto ungekuwa wa kweli, ningekuwa nikiita majina ya majivu. Lakini katika ripoti iliyopelekwa, na ambayo niliambiwa nisaini, iliandikwa kwamba wafanyakazi walitoka kwa utaratibu na nidhamu ya hali ya juu. Nilisaini. Hilo ni kosa langu, na nalisema mbele yenu.

Na lingeishia hapo, kama si Ojwang. Ojwang alikuwa fundi wa mashini za kusagia. Kwa kuwa king'ora kililia ghafla, alipekuliwa kabla hajajipanga, na Momanyi akamkuta na karibu kilo nzima ya chai ndani ya gamubuti. Ojwang alikwenda nyumbani wiki hiyo hiyo. Bwana Meneja alifurahi, akasema zoezi la moto limefaulu kuliko alivyotarajia.

Siwezi kumlaumu kwa kila kitu. Chai ilikuwa ikiibwa, ni kweli, na ilikuwa chai ya wakulima hawa hawa waliokaa hapa. Lakini tangu siku hiyo, kila chai ilipopungua, tulikuwa na zoezi la moto. Mwaka wa 1995 peke yake tulifanya mazoezi tisa. Mkaguzi aliposoma ripoti zetu hakuamini macho yake, akasema hajaona kiwanda kinachojali maisha ya wafanyakazi namna hii. Tukapewa barua ya pongezi. Ikatiwa fremu, ikatundikwa karibu na ile ramani yenye ngazi ya wenyewe.

Na ninyi wenzangu mlijifunza upesi. Mlijifunza kwamba king'ora kikilia katikati ya zamu, si wakati wa kutoka. Ni wakati wa kuficha.

Mwaka huo huo, pakiti ya chai ilipatikana kwenye majani nyuma ya chumba changu. Kesho yake mlango wa nyuma wa chumba cha kuchambulia ulitiwa mnyororo na kufuli. Sisi tuna milango miwili tu: wa mbele, unaopitia kwenye draya, na huo wa nyuma, unaotoka uani. Ufunguo ukakaa mfukoni mwa Bwana Meneja. Niliandika barua mara tatu. Mara ya tatu aliniita, akaniketisha, akaniagizia chai, maana ni mtu mwenye adabu.

"Mama Eddah," akasema, "moto hapa haijawahi kutokea. Chai imewahi kuibwa. Sasa wewe unataka nishughulikie ile kitu inatokea, ama ile haijatokea?"

Ndugu zangu, nilikunywa ile chai nikaaga. Ni swali lililopangwa vizuri. Nilikwenda nalo nyumbani nikalala nalo, na jibu lilikuja mwezi wa pili mwaka wa 1996, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri.

Mnakumbuka kiangazi kile. Yale manyoya mepesi ya chai kavu yalikuwa yamejaa juu ya mabomba na kwenye mbao za paa, kwa sababu tangu Krismasi hatukupewa nafasi ya kusimamisha kazi na kufagia. Draya ya pili ikatoa cheche. Moto ukapanda kwenye manyoya, ukatembea kwenye paa. King'ora kikalia. Na wanawake wangu kumi na tisa walifanya nini? Walifanya kile tulichowafundisha mara tisa mwaka uliotangulia. Mmoja alikung'uta mifuko yake juu ya meza. Mwingine alifungua kitambaa cha kichwani akakikung'uta. Mimi nikapiga kelele kwamba ni moto, ni moto wa kweli, tokeni. Wakacheka.

"Mama," mmoja akaniambia, "leo nawe umekuwa wa ofisi?"

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniumiza kuliko moshi.

Moshi wenyewe haukuchelewa. Uliingia kwa mlango wa mbele, mweusi, wa moto, na ndipo wote wakaamini kwa mara moja. Tukakimbilia mlango wa nyuma. Mnyororo ulikuwapo, kufuli lilikuwapo. Bwana Meneja hakuwapo. Alikuwa Kericho kwenye semina, na ufunguo alikwenda nao mfukoni. Nisingetaja ilikuwa semina ya nini, lakini nimekula kiapo na nafsi yangu kwamba leo nitasema yote. Ilikuwa semina ya usalama mahali pa kazi. Barua ya mwaliko ilikuwa imeandikwa kwa Afisa wa Moto, lakini ilitaja pia chakula cha mchana hotelini.

Tulipiga ule mlango kwa mikono. Wanawake wangu na mimi, tukipiga mbao kwa viganja, na moshi ukishuka kutoka darini hadi vichwani mwetu. Nilikuwa naogopa. Nilifikiria watoto wangu, nikafikiria ile orodha mfukoni, na nani angeisoma.

Nje, upande wa boila, alikuwako mtu aitwaye Ogada. Ogada hakuwa kwenye kamati yoyote. Hakuwahi kuiona ramani. Kazi yake ilikuwa kupasua kuni na kulisha boila, na alikuwa na shoka. Alisikia mikono yetu akaja mbio. Alipiga ule mnyororo mara sita, nilihesabu, na mara ya sita kufuli likaanguka.

Tukatoka. Watu wakaanguka kwenye nyasi wakitapika. Momanyi akaja mbio kutoka getini, na ninyi mnaomjua mnajua alichosema. Alisema wapangwe laini. Nilimjibu kwa maneno ambayo nilishayatubu mbele ya Mchungaji. Momanyi, nawe ulilia jioni hiyo, nilikuona, na tulisameheana. Wewe ulikuwa ukifanya ulichoambiwa.

Nikatoa orodha nikaita majina. Walikuwa kumi na wanane.

Aliyebaki ni Nelvine. Nelvine ameniruhusu niseme haya, na tangu juzi yeye ndiye msimamizi mpya wa chumba changu, kwa hiyo namwita kwa heshima. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa amefunga chai kidogo kwenye leso, konzi mbili, ya kumpelekea mama yake Roret. Kumbukeni kwamba mama yake analima chai, na nyumbani kwao walikuwa wakinywa maji ya moto na maziwa. King'ora kilipolia, Nelvine alijificha nyuma ya magunia. Aliposikia kelele zetu alidhani ni askari. Kwa hiyo akajificha zaidi.

Ogada alilowesha gunia, akajifunga usoni, akarudi ndani. Alimtoa Nelvine begani. Leso alikuwa nayo bado, ameishika.

Moto ulizimwa na wakulima waliokuwa wakingoja kwenye mizani, kwa mikebe ya maziwa na maji ya mtoni. Wengine mko hapa, na hakuna aliyewahi kuwashukuru rasmi. Kongoi mising. Ile mitungi sita myekundu ilikuwa salama stoo. Haikupata hata mkwaruzo.

Nelvine alipona. Ogada hakupona. Kifua chake kilikuwa kimekula ule moshi, na alikohoa kuanzia mwezi wa pili hadi mwezi wa kumi na moja, tukampeleka kwao Nyakach, tukamzika kabla ya Krismasi. Dorcus, mke wake, yuko hapa mstari wa tatu. Dorcus, asante kwa kuja. Najua haikuwa rahisi kuingia tena kwenye geti lile.

Lakini kabla Ogada hajaenda nyumbani, kiwanda kilimwandikia barua. Dorcus alinipa niitunze. Ni fupi, nitaisoma. "Tarehe ishirini Februari uliharibu mali ya kiwanda, yaani kufuli moja, bila idhini ya Meneja. Hili ni onyo la kwanza. Likirudiwa, hatua kali itachukuliwa."

Nilikasirika nilipoisoma, na nimekasirika mpaka leo, na sioni sababu ya kujifanya vingine kwa kuwa kuna keki mezani. Bwana Meneja, nakujua. Hukuiandika kwa chuki. Wewe ni mtu mwema, unaimba sauti ya nne kanisani, na jirani yangu, yaani mkeo, ni rafiki yangu. Uliiandika kwa sababu kiwanda hiki kina fomu ya kufuli lililovunjika, na hakina fomu ya mwanamke aliyetolewa motoni. Faili lilihitaji karatasi, ukalipa karatasi.

Wiki iliyofuata tulinunua kufuli jipya. Kubwa zaidi. Lilikuja na funguo tatu ndani ya kasha, na karani wa stoo akaniletea nipokee, kwa sababu jambo lilihusu moto na afisa wa moto ni mimi. Mbili nilimpelekea Bwana Meneja. Wa tatu ni huu hapa.

Ndiyo. Utazameni vizuri. Kwa miaka miwili na miezi kumi nimekuwa mwizi katika kiwanda hiki, na Momanyi hakunishika kwa sababu hapekui ndani ya Biblia. Kila asubuhi, kabla zamu haijaingia, nimelifungua lile kufuli, nikaupanga mnyororo vizuri ili kwa mbali uonekane umefungwa. Kila jioni nimelifunga. Bwana Meneja alipita pale kila siku, akautazama mnyororo, akaridhika. Siku moja aliunyoshea mkono, nikamwita haraka aje asikilize mashini inayotoa mlio wa ajabu. Alisikiliza kwa makini sana, na akasema kweli, kuna mlio.

Na chai je? Waulizeni makarani. Katika miaka hiyo miwili na miezi kumi, mlango ukiwa wazi kila siku, chai inayopotea kwenye chumba changu haikuongezeka. Ilipungua, kwa sababu niliwaambia wanawake wangu ukweli kuhusu mlango, na wao wenyewe wakaulinda. Nani angeiba konzi ya chai kupitia mlango ambao ndio maisha yake?

Sasa leo ni Ijumaa. Jumatatu saa moja asubuhi wanawake ishirini na mmoja wataingia katika chumba kile, na mwizi wa ufunguo atakuwa Nyakach akipalilia mtama. Ndiyo maana nimesema nawe kwa urefu, Bwana Meneja, na ndiyo maana dakika kumi hazikunitosha. Nilikuwa nimekusudia kumpa Nelvine ufunguo huu kimya kimya, nimwonyeshe jinsi ya kupanga mnyororo. Usiku kucha nilifikiria hivyo. Kisha nikamwona akilini akiamka mapema kila siku kwa miaka ishirini, akiogopa kushikwa, akiugua siku moja, na siku hiyo moja ikawa ndiyo siku yenyewe. Hapana. Njia ya kutoka motoni haiwezi kuwa siri ya mwanamke mmoja.

Kwa hiyo naweka ufunguo huu hapa mezani, mbele ya Bwana D.O. na Bwana Mwenyekiti. Sitaki upewe mtu. Nataka mnyororo utolewe. Wekeni askari pale; akitaka kupekua, apekue watu wakiwa nje. Wekeni king'ora cha pili, hata kama ni kipande cha reli na nyundo, na kisipigwe kwa ajili ya mwizi hata siku moja. Na ile ramani ishushwe kutoka ofisini, ngazi ya watu ifutwe, itundikwe pale kwenye mashini ya kadi ambapo sote tunasimama.

Najua mnavyosema moyoni. Mnasema Mama Eddah, hayo yametokea zamani, tumejifunza. Haya. Naomba wote mgeuke mtazame nyuma yenu. Ukumbi huu ni mpya, Bwana D.O. ameufungua leo asubuhi kwa utepe. Tuko humu watu kama mia mbili. Mlango wa mbele ni ule, na nje yake pale pale kuna majiko matatu ya kuni na sufuria za pilau. Mlango wa nyuma ni ule kule, nyuma ya meza ya keki. Umeona kilicho juu yake, Bwana Mwenyekiti? Nimeuliza kwa nini umefungwa kwa mnyororo siku ya sherehe. Nimeambiwa ni kwa sababu ya soda.

Bwana Meneja, ufunguo wa mlango ule sina. Uko kwenye mfuko wa kushoto wa koti lako, nilisikia ukilia ulipoketi. Mimi sitaketi, wala sitakata keki, mpaka nione mlango ule uko wazi. Nina muda. Kuanzia leo nina muda mwingi.

Naona unasimama. Asante, Bwana Meneja. Wapisheni apite, wenzangu. Momanyi, msaidie kusogeza keki.

Saa yangu mpya inasema ni saa nane na dakika ishirini. Mara ya kwanza tulichukua dakika hamsini na mbili; tutaona leo. Waheshimiwa mtatangulia kwa sababu mko mbali na mlango, na wazee washikwe mkono. Tutakutana kwenye mizani. Orodha yangu ni ile ile ya zamani, sijafuta jina hata moja, na nitayaita yote. Nikifika kwa Ogada, Dorcus ataitikia.

Nimemaliza, na nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Kadi leo hazipigwi. Tutokeni.